Ugumu wa Fumbo na Ubovu wa Mpini



Mkulima anayelima shamba la mawe huchoka, lakini jioni anajua kilichomchosha. Mkulima ambaye jembe lake linacheza kwenye mpini huchoka vilevile, ila yeye hajui kama ameshindwa na shamba au ameshindwa na jembe. Ukiwatazama kwa mbali, hao wawili wanafanana: wote wanatoka jasho, wote wamelima kidogo. Anayewasimamia anaweza kuwalaumu kwa maneno yaleyale. Lakini yule wa kwanza amekutana na kazi yake, na yule wa pili amezuiwa asikutane nayo.

Mwezi huu ningependa tuitazame tofauti hiyo kwa kupitia jambo ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mimi, yaani mchezo wa video. Msishangae. Mtu aliyefundishwa ualimu hawezi kuona watu wakihangaika mbele ya fumbo bila kujiuliza kinachowahangaisha ni nini.

Mchezo ninaouzungumzia unaitwa The Last Guardian. Uliongozwa na Mjapani Fumito Ueda, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametoa michezo miwili inayosifiwa hadi leo: Ico mwaka 2001, na Shadow of the Colossus mwaka 2005. Kazi ya kuutengeneza mchezo huu wa tatu ilianza mwaka 2007. Ulitangazwa mbele ya watu mwaka 2009, ukiwa umekusudiwa kwa mashine ya PlayStation 3. Baadaye ukachelewa, ukachelewa tena, ukahamishiwa PlayStation 4, na hatimaye ukatoka Desemba 2016. Waliouona mara ya kwanza wakiwa wanafunzi wa sekondari waliupata mikononi wakiwa watu wazima. Sisi huku tuliupata baadaye zaidi, wakati mpwa wangu alipopewa mashine iliyokwisha kutumika, pamoja na diski chache. Kwa Jumamosi kadhaa, umeme ulipokuwepo, vijana sita au saba walikusanyika sebuleni kwetu, wakipokezana maneti, nami nikiwa na zamu yangu kama wao.

Kisa chake ni rahisi kusimulia. Mvulana anaamka pangoni, mwili wake umejaa alama ambazo hajui zimetoka wapi. Kando yake amelala mnyama mkubwa kama nyumba, amefungwa mnyororo, na mikuki imemchoma mwilini. Ana manyoya ya ndege, lakini anatembea kwa miguu minne, na macho yake yanakukumbusha mara paka, mara mbwa. Jina lake ni Trico. Mvulana anachomoa mikuki, anamtafutia mapipa yenye chakula chake, anamfungua mnyororo. Tangu hapo wawili hao wanatafuta njia ya kutoka katika ngome kubwa iliyobomoka, yenye minara inayopotea mawinguni na madaraja yaliyokatika katikati.

Katika safari hiyo kila mmoja anakosa kitu ambacho mwenzake anacho. Mvulana ni mdogo, anaweza kupenya katika tundu na kuvuta wenzo, lakini hawezi kuruka shimo pana wala kupigana. Mnyama anaweza kuruka kutoka mnara hadi mnara, na kuwaponda askari wa ajabu, ambao ni mavazi ya vita yanayotembea bila mtu ndani. Lakini kuna vioo vyenye umbo la jicho ambavyo vinamtia hofu asiweze kusogea, naye hana mikono ya kuviondoa. Basi mvulana anakwenda kuvivunja, na mnyama anapita. Hayo ndiyo mafumbo ya mchezo: kila chumba kinauliza, "Mnawezaje kutoka hapa ninyi wawili?"

Na uzuri wake ni wa kweli. Muziki ni wa nadra. Muda mwingi unasikia upepo, maji yanayodondoka mahali usipopaona, na pumzi ya mnyama nyuma yako. Mwanga unaingia kwa mataji ya ukuta uliobomoka kama vile asubuhi ndiyo imeanza. Mvulana anasema lugha iliyobuniwa kwa ajili ya mchezo tu, na msimulizi ni yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, anayekumbuka utoto wake. Nilishuhudia vijana ambao kwa kawaida hawawezi kukaa kimya dakika tatu wakinyamaza chumba kizima kwa sababu mnyama alikuwa amelala, nao hawakutaka kumwamsha.

Sasa nieleze huzuni yetu.

Mchezo huu unaongozwa vibaya. Nasema hivyo baada ya kuumaliza, na siko peke yangu: wachambuzi walioupokea mwaka 2016 walimsifu mnyama karibu kwa kauli moja, na karibu kwa kauli moja walilalamikia kamera na vitufe. Acheni nieleze matatizo hayo kimojakimoja, kwa sababu lawama isiyotaja kitu mahususi haimsaidii mtu.

La kwanza ni vitufe. Katika michezo mingi ya mashine hizo, kitufe chenye alama ya X ndicho cha kurukia. Vidole vya vijana vimekwisha kuzoea hivyo kama vile mguu wa dereva ulivyozoea breki. Katika The Last Guardian, kurukia ni kitufe cha pembetatu, na X ni kitufe cha kuachia na kushuka. Matokeo yake ni haya: umepanda juu ya mnyama, uko kwenye urefu wa ghorofa tatu, unataka kurukia ukingo ulio mbele yako, kidole kinabonyeza X kwa mazoea, na mvulana anaachia manyoya na kuanguka. Kurukia kwa pembetatu kulikuwa kumetumika katika michezo miwili iliyotangulia, na zamani hakukumshangaza mtu sana. Lakini miaka ilikuwa imepita, na mikono ya ulimwengu ilikuwa imejifunza desturi nyingine.

La pili ni mwili wa mvulana. Anajikwaa, anayumba, anachelewa kugeuka. Akishika manyoya ya mnyama anang'ang'ania kama kupe, ambalo ni jambo jema, lakini ukimwelekeza apande kichwani, mara nyingine anazunguka shingo na kujikuta tumboni. Ni vigumu kujua "juu" ni wapi wakati mnyama mwenyewe anageuka, anajikuna au anainamisha kichwa.

La tatu, na ndilo baya kuliko yote, ni kamera, yaani jicho ambalo mchezo unatupa la kuonea. Katika uwanja wa wazi inaenda vizuri. Lakini mwingize mnyama mkubwa kama nyumba ndani ya chumba chembamba, kisha weka jicho nyuma ya mtoto mdogo aliyebanwa kati ya mnyama na ukuta: skrini inajaa manyoya. Huoni mkono wako. Nyakati nyingine picha inakuwa nyeusi kwa nukta kadhaa, na ikirudi unatazama upande mwingine. Juu ya hayo, maelezo ya kukukumbusha vitufe yanajitokeza kwenye skrini tena na tena, hata baada ya saa nyingi za kucheza, kama mwalimu anayerudia somo la Septemba mwezi wa Mei.

Wako wanaoutetea mchezo huu, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa heshima. Wanasema: mvulana ni mtoto, kwa hiyo lazima ajikwae, mnyama ni mnyama, kwa hiyo lazima asitii mara moja. Mkitaka shujaa asiyekosea hatua na farasi anayegeuka kama gurudumu, michezo ya namna hiyo imejaa sokoni. Hapa, wanasema, uzito wa mikono ndio ujumbe wenyewe.

Kwa upande wa mnyama nakubaliana nao kabisa. Katika sehemu ya baadaye mvulana anaweza kumpa Trico maagizo: ruka pale, nenda kule. Mnyama anasikiliza anavyotaka. Anakutazama, anatazama mahali ulipoonyesha, ananusa, anakaa, anajikuna sikio. Kuna mahali ambapo anaogopa kuingia majini, na hakuna kitufe cha kumlazimisha: inabidi umvute kwa chakula, pipa baada ya pipa, mpaka hamu ishinde hofu. Baada ya vita anakuwa na ghadhabu, mikuki imemchoma, na kabla ya kuendelea ni lazima upande mgongoni, uichomoe, umpapase manyoya hadi atulie. Yote hayo yanakula muda. Yote hayo yangeweza kufupishwa kwa kitufe kimoja. Na kama yangefupishwa, tungekuwa na gari lenye manyoya, na si rafiki.

Angalieni pia kwamba ukaidi wa mnyama una uso. Anapokawia, masikio yake yanakuambia kitu. Macho yake yanakwenda mahali atakaporukia kabla hajaruka. Miguu yake inajikusanya. Mtu mwenye subira anajifunza kumsoma. Baada ya Jumamosi ya pili, vijana walikuwa wanasema, "Ngojeni, anafikiri," nao walikuwa sahihi. Kukawia huko kulikuwa lugha, na lugha hufundishika.

Tena, si kweli kwamba mikono inayosumbuka ni kasoro daima. Mwaka 2013 ulitoka mchezo mfupi uitwao Brothers: A Tale of Two Sons, ulioongozwa na Josef Fares, mtengeneza filamu wa Sweden mzaliwa wa Lebanoni. Humo unaongoza ndugu wawili kwa wakati mmoja: kijiti cha kushoto cha maneti ni kaka mkubwa, cha kulia ni mdogo wake. Kwa saa ya kwanza ubongo wako unapinga. Unawagonganisha ukutani, unampeleka mmoja kule ulikotaka kumpeleka mwingine. Lakini kidogo kidogo mkono wa kushoto unakuwa kaka. Na inapofika siku ambayo mkono wa kushoto hauna tena mtu wa kumwongoza, mchezaji anahisi upungufu ule katika vidole vyake kabla hajaufikiria kwa kichwa. Hapo usumbufu ulikuwa umebeba maana tangu mwanzo. Hata katika Ico, ili mvulana amshike mkono msichana anayemwokoa, inabidi uendelee kubonyeza kitufe bila kukiachia. Ukilegeza kidole, umemwachia mkono. Hakuna anayelalamika kwamba kidole kimechoka. Uchovu ule ndio uaminifu wenyewe.

Kwa hiyo, vijana wangu, swali halikuwa kama mchezo unasumbua. Tuliuliza: usumbufu huu, nikiuvumilia, unanifundisha nini? Mnyama anapokawia, unanifundisha kumsoma mnyama. Kamera inapokwama katika manyoya haifundishi lolote kuhusu mnyama, wala kuhusu mvulana, wala kuhusu ngome. Mtoto aliye ndani ya kisa angeona njia yake kwa macho yake mwenyewe. Ni sisi tu tuliofungwa kitambaa. Na mtetezi anapoviweka vyote viwili chini ya neno moja, "imekusudiwa," anakuwa amemtumia mnyama mwema kuificha kamera mbovu nyuma ya mgongo wake.

Yote haya yangebaki mazungumzo ya wapenda michezo, kama nisingeona lililompata binti mmoja wa kikundi chetu.

Ni binti makini, asiyependa kusema bila kufikiri. Zamu yake ilimkuta katika chumba kirefu chenye tundu la dirisha juu sana ukutani. Wengine walikuwa wanapiga kelele za ushauri. Yeye alitazama chumba, akanyamaza, akasema: "Mnyama asimame hapa chini, anyooke ukutani, mtoto apande mgongoni hadi kichwani, kutoka kichwani aruke." Hilo ndilo lilikuwa jibu. Alilipata kwa dakika mbili, kwa akili yake mwenyewe.

Akaanza kulitekeleza. Mvulana akapanda, akazunguka shingo, akajikuta chini ya kidevu. Akapanda tena, skrini ikajaa manyoya, akabonyeza kitufe, mvulana akaachia na kudondoka. Mara ya tatu alifika kichwani, lakini mnyama akainama wakati uleule, na mruko ukaenda ukutani. Hapo binti akaweka maneti juu ya magoti, akasema: "Basi, njia si hiyo." Akaiacha njia iliyo sahihi. Kwa karibu nusu saa alizunguka chumba kile akitafuta wenzo uliofichwa, mlango wa siri, jiwe la kusukuma. Havikuwepo. Mwishowe akampa maneti kijana mwingine, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sina akili ya mambo haya." Kijana yule, ambaye hakuwa amefikiri lolote, alijaribu njia ileile ya kwanza, safari hii mnyama akainua kichwa, mvulana akaruka, akashika ukingo. Wenzake wakampigia makofi.

Nilisimamisha mchezo. Nilitaka wote waelewe nani alikuwa amelifumbua lile fumbo. Lakini niliona usoni mwa binti kwamba maneno yangu yamechelewa. Makofi yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu.

Hapo ndipo nilipoielewa kasoro ya mchezo huu kwa undani wake. Katika mchezo wa mbio au wa mpira, uongozaji mbovu unakuudhi, lakini haukudanganyi: unajua ulitaka kwenda kushoto, na gari limekataa. Katika mchezo wa mafumbo mambo ni tofauti. Fumbo ni mazungumzo. Mchezo unauliza, wewe unajibu kwa kutenda, nao unakuambia kama umejibu vema. Kama tendo halifuati mkono, jibu sahihi linaonekana kosa, na wewe unaondoka kutafuta jibu la uongo. Ugumu wa fumbo unakuheshimu, kwa maana unachukulia kwamba unaweza kufikiri. Ubovu wa mpini unakunyang'anya hata kile ulichokwisha kufikiri.

Na mtu aliyenyang'anywa hivyo mara chache humlaumu mnyang'anyi. Donald Norman, mtaalamu wa Marekani wa mambo ya akili na vyombo, alichapisha mwaka 1988 kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, bomba, swichi, simu. Mojawapo ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba watu wanaposhindwa kutumia kitu kilichoundwa vibaya, wana desturi ya kujilaumu wenyewe. Mtu anasukuma mlango unaopaswa kuvutwa, na anajiona mjinga, ingawa mlango wenyewe una mshikio unaosema "nisukume." Binti wetu alifanya vivyo hivyo. Hakusema, "Chombo hiki ni kibovu." Alisema, "Sina akili."

Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba darasa zima likishindwa swali moja, mwalimu mwenye busara haanzi kwa kuwachapa wanafunzi kwa maneno. Anaanza kwa kulisoma swali upya. Huenda ubao umepasuka, na aliyeketi nyuma anasoma nane mahali palipoandikwa tatu. Mtoto aliyekokotoa vizuri kwa kutumia nane atapata sifuri, na sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu hesabu zake. Inasema juu ya ubao. Lakini kwenye karatasi ya matokeo hakuna mahali pa kuandika jina la ubao.

Wengine watasema kwamba kasoro za namna hii haziepukiki katika kazi yenye uzuri mkubwa. Kwamba ukitaka roho yake, upokee na magonjwa yake. Historia ya mchezo uliotangulia inaonyesha vinginevyo. Shadow of the Colossus ya mwaka 2005 nayo ilipendwa sana na kulalamikiwa kwa uongozaji wake mzito. Mwaka 2018 ikatolewa upya kwa ajili ya PlayStation 4 na studio iitwayo Bluepoint. Walioitengeneza upya waliweka mpangilio mpya wa vitufe unaolingana na mazoea ya leo, na waliopendelea ule wa zamani wakaachiwa uhuru wa kuuchagua. Je, majitu kumi na sita ya kisa kile yalipungua ukubwa? Je, upweke wa nyika ile uliondoka? La. Kung'ang'ania mwilini mwa jitu huku nguvu za mkono zikikuishia kulibaki kugumu vilevile, kwa kuwa ugumu ule ulikuwa wa kisa chenyewe. Kilichoondolewa ni vumbi juu ya mpini. Mpini unaweza kurekebishwa bila kuligusa shamba.

Nisieleweke kwamba nawakataza The Last Guardian. Tuliumaliza, na sijuti saa hata moja kati ya zile tulizotumia. Kuna mahali ambapo njia imekatika, mvulana hawezi kufika ng'ambo, na tumaini lake pekee ni kujirusha hewani, akiamini kwamba mnyama atamdaka. Mnyama anamkosa kwa mdomo. Mvulana anaanguka. Kisha, katika nukta ya mwisho, mkia mrefu unapita mbele yake, naye anaushika. Sebule nzima ilipiga ukelele, nami nikiwemo. Hakuna aliyekumbuka kamera dakika ile. Mchezo uliofanikiwa kuwaunganisha vijana saba na mnyama asiyekuwepo umefanya kitu ambacho michezo mingi yenye vitufe vizuri haijawahi kukifanya.

Ndiyo maana nauita uchungu huu masikitiko, na siuiti hasira. Kitu kibaya kabisa hakimsikitishi mtu; unakiacha tu na kwenda zako. Anayesikitika ni yule aliyeona kitu kizuri nyuma ya mlango uliokwama. Na mimi naona kwamba ninyi vijana mnahitaji kujifunza kusikitika namna hiyo, kwa sababu siku hizi mnasukumwa kuchagua kati ya kauli mbili tu: "Huu ni uchafu," au, "Huu ni kamili, na asiyeupenda hauelewi." Kauli ya kwanza inamdhulumu mnyama Trico. Ya pili inamdhulumu binti aliyekaa na maneti magotini. Anayependa kazi fulani kweli anaweza kusema kwa sauti ileile kwamba ni nzuri, na kwamba imemwumiza mtu bila sababu.

Wengine kati yenu mtakuwa watengenezaji wa vitu. Tayari wako wanaojifunza kuandika programu za simu, wanaochora matangazo, wanaofundisha watoto, wanaoshona, wanaopanga mikutano. Kila kimoja cha vitu hivyo kina mpini: mahali ambapo mtu mwingine atakishikia. Aliyekitengeneza hauoni tena mpini huo, kwa kuwa mkono wake umekwisha kuuzoea. Njia ya kuuona ni moja, nayo haina gharama: mpe mtu ambaye hajawahi kukiona, kaa kando yake, funga mdomo, tazama mikono yake. Pale anapokwama, usiharakishe kumweleza. Andika. Akisema, "Sina akili," jua kwamba umepata kasoro yako.

Na siku mtakapokuwa upande ule mwingine, mmeshindwa na jambo mbele za watu, msikimbilie kujihukumu wala kujitetea. Ulizeni kwanza maswali mawili kwa utulivu. Je, niliielewa kazi? Je, chombo kilifuata mkono wangu? Kama jibu la kwanza ni hapana, rudini mkasome. Fumbo bado linawangoja. Kama jibu la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, basi akili yenu haina deni. Jaribuni tena njia ileile kabla ya kuiacha.

Binti yule bado huja Jumamosi. Hivi majuzi, mwenzake mdogo alipokuwa akihangaika katika mchezo mwingine, nilimsikia akimwuliza, bila mimi kumfundisha maneno hayo: "Hujui pa kwenda, au unajua na mtoto hataki kwenda?"

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Taja jambo moja gumu ambalo ugumu wake ulikufundisha kitu, na jambo jingine ambalo ugumu wake ulikuwa wa bure. Ulitambuaje tofauti?

2. Je, umewahi kuiacha njia iliyo sahihi kwa sababu ilishindikana mara ya kwanza? Nani alikusaidia kuirudia, au angeweza kukusaidia?

3. Katika kikundi chenu, ni "mipini" gani inayowazuia wengine kushiriki: saa za mikutano, lugha inayotumika, namna ya kuchukua zamu ya kusema? Chagueni mmoja, mkaurekebishe kabla ya mkutano ujao.